Boksi la Kilo Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Si kwa kupenda. Mtaalamu wa viungo pale kituoni ameamuru niandike kila siku ninayoweza, nusu ukurasa, kwa mkono wa kulia, mkono ule ule mbovu. Anasema kalamu ni mazoezi. Kwake kila kitu ni mazoezi. Kufungua mlango ni mazoezi. Kupangusa meza ni mazoezi. Tunamwita Mama Mpira, kwa sababu humpa kila mtu mpira laini wa kufinya, na akikukuta umeutia mfukoni, utajuta.

Nilimuuliza kama atasoma. Akasema yeye hasomi siri za watu, atahesabu mistari tu. Vizuri! Basi naandika herufi kubwa kubwa. Mstari mmoja, maneno matatu.

Mkono unauma. Vidole viwili havipo, cha kati hakikunjiki. Sentensi fupi, basi.

Hali yangu ni hii. Nimekata karatasi katika kiwanda cha uchapishaji miaka kumi na tisa. Mwezi wa tisa mashine ilinigeuka. Sasa niko kwenye mpango wa kurudisha majeruhi kazini, na zimebaki wiki tatu. Kila mtu huleta kifaa cha kazini kwake ili mazoezi yafanane na kazi yenyewe. Mimi nimeleta boksi la rimu sita za karatasi. Karani alilipima mlangoni, akaliandika ubavuni kwa wino mweusi: KILO 15. Ijumaa ya tarehe 21 nitafanya mtihani. Nilibebe kutoka mezani hadi rafuni, mara ishirini, bila kuliangusha. Nikifaulu, narudi kwenye mashine yangu. Nikishindwa, msimamizi wa kiwanda ameniandalia kazi nyepesi: meza ya kupokea oda, kando ya choo.

Kando ya choo! Mimi!

Leo nimebeba mara sita. Mara ya saba boksi liliangukia mguu wa Mama Mpira. Amesema hiyo haihesabiwi.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua siri ya chombo cha kupimia nguvu za mkono. Unakifinya, mshale mwekundu unapanda, na unabaki pale ulipofika mpaka mtu aurudishe kwenye sifuri. Mama Mpira husahau kuurudisha. Mpango ukaja wenyewe: nipime mara tu baada ya mtu mwenye nguvu.

Mtu mwenye nguvu ni Bwana Mgongo. Ni mpakiaji wa ghala la sabuni, aliteleza akiwa na mzigo na mgongo ukapata hitilafu. Mikono yake ni mizima, tena ni koleo tupu. Alifinya, akapata kilo hamsini na nane. Nikakidaka chombo kabla Mama Mpira hajageuka. Nikafinya kwa kelele. Nikakunja uso. Nikatoa jasho la kweli. Hamsini na nane!

Mama Mpira alisoma, akanitazama, akasoma tena. Kisha akaniambia nipime mkono wa kushoto, ule mzima. Nikapata thelathini na nne. Akasema hongera, kumbe ajali imenifaa, afadhali na mkono wa pili nao ungekatwa. Chumba kizima kikacheka. Bwana Mgongo alicheka huku ameshika kiuno, maana kucheka kunamuuma, na kila alipoumia alizidi kucheka.

Nikapimwa upya. Kilo tisa. Imeandikwa ubaoni kwa chaki nyekundu, mbele ya watu.

Alhamisi, 6 Machi

Huo ubao! Kila mtu ana mstari wake unaoonyesha maendeleo. Wangu unalala. Wa Bwana Mgongo unapanda. Wiki iliyopita alibeba mara nane, jana mara kumi na moja. Na anabeba boksi LANGU. Lake la sabuni lilipasuka wiki ya kwanza, watu watatu wakateleza, likapigwa marufuku. Kituo cha majeruhi, na sabuni sakafuni! Mama Mpira akaona uzito wa boksi langu ni sawasawa na wa maboksi ya ghalani kwake, akasema tugawane.

Hivyo anapanda kwa boksi langu. Inauma.

Ubaya wake ni kwamba ni mtu mwema. Mimi naweza kuinama lakini siwezi kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Yeye anaweza kufunga lakini hawezi kuinama. Kwa hiyo kila asubuhi napandisha mguu wangu juu ya benchi, ananifungia, mafundo mawili ya uhakika. Na kitu chake kikianguka, mimi ndiye namwokotea. Leo kaangusha miwani mara tatu. Aliniita Fundi. Alisema, “Fundi, mimi na wewe tukiunganishwa tunapata mfanyakazi mmoja mzima.” Nilitaka kununa, nikacheka.

Ana watoto wanne. Mkewe anasubiri mstari ule ubaoni kuliko yeye mwenyewe.

Mara sita tena leo. Si saba. Sita.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Mpira ameruhusu niende na boksi nyumbani hadi Jumatatu, nifanye mazoezi. Binti yangu alikuja kulichukua. Ni mshonaji, ana mabega mepesi, aliliinua akaguna, akauliza ndani kuna mawe au kuna nini. Njiani alisema taratibu kwamba meza ya kupokea oda si jambo baya, kuna kiti na kuna dirisha. Nikamwambia kuna choo pia. Akalihamishia boksi begani upande wa pili.

Jioni alinifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, kama afanyavyo tangu mwezi wa tisa. Natazama ukutani. Hii ndiyo saa ninayoichukia kuliko zote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata wazo. Ni zuri mno, nashangaa lilikuwa wapi siku zote!

Asubuhi nilikwenda kiwandani, nikasema nimekuja kuwasalimia. Kwenye mashine yangu amewekwa mama mmoja aliyekuwa akihesabu kurasa, hasemi ila akiulizwa, tunamwita Kimya. Aliniamkia vizuri akanipisha niiguse mashine. Niliigusa.

Nieleze kidogo, maana hapa hakuna anayesoma. Mashine ile ina vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, mbali mbali. Kisu hakishuki mpaka uvibonyeze vyote kwa pamoja na kuvishikilia. Maana yake, kisu kikishuka, mikono yako miwili iko kwenye vitufe, si chini ya kisu. Akili ya mtengenezaji. Lakini inachelewesha! Kwa hiyo mimi nilikuwa nakibana kitufe cha kulia kwa selotepu, nabonyeza cha kushoto peke yake, na mkono wa kulia unabaki huru kunyoosha rundo. Hakuna aliyekata haraka kama mimi. Miaka mitatu nilifanya hivyo. Siku ya ajali nilibandua ile selotepu kwa meno kabla watu hawajafika. Damu ikinitoka, na mimi nabandua selotepu.

Nimewaambia wote mashine ilinigeuka. Ni kweli kwa namna fulani.

Leo alama ya gundi bado ipo kwenye kitufe. Nimeiona.

Basi, wazo. Chini ya mashine kuna pipa la mabaki, vile vipande vyembamba vinavyokatwa pembeni mwa karatasi. Vyepesi kama pamba. Nikajaza mfuko, nikamwambia Kimya ni vya kuwashia jiko. Nyumbani nikafungua rimu nne kwa uangalifu, nikatoa karatasi, nikajaza mabaki, nikayabandika majalada yake kwa gundi kama mapya. Rimu mbili nzima nikaziweka juu. Ukifungua boksi unaona karatasi safi. Ubavuni imeandikwa KILO 15 kwa mkono wa karani. Uzito wenyewe hata nane haufiki.

Binti hakuwepo, alipeleka nguo za watu. Kazi ya saa nne kwa mkono mmoja na nusu. Mama Mpira angeona vidole vyangu vilivyofanya kazi leo, angelia kwa furaha.

Jumatatu, 10 Machi

Kumi na nne! Mstari wangu umesimama wima ubaoni! Mama Mpira amepiga makofi. Kesho nitafika kumi na tano, kesho kutwa kumi na sita, nisije nikatia chumvi kama siku ya mshale.

Binti alipolibeba kuja nalo alisema leo limekuwa jepesi. Nikamwambia ni yeye ndiye amepata nguvu. Alifurahi. Nami nikafurahi.

Halafu Bwana Mgongo akaja kuchukua zamu yake.

Hilo sikulifikiria. Naapa sikulifikiria.

Alijiweka sawa kama alivyofundishwa: magoti kwanza, mgongo wima, pumzi. Akainua. Akasimama pale na boksi kifuani, ametoa macho. Akanitazama. Nikajua nimekwisha. Kumbe hakuwa akiliwaza boksi, alikuwa akiusikiliza mgongo wake. Akasema kwa sauti ndogo, “Fundi, hauumi.” Akalipeleka rafuni akarudi. “Fundi, mgongo hauumi!” Alibeba mara kumi na tisa. Mama Mpira aliandika kwa chaki nyeupe, akachora na nyota.

Nilimpongeza. Ningefanya nini?

Jumatano, 12 Machi

Bwana Mgongo amebeba mara ishirini na tano, na hakuhema. Alimpigia mkewe simu palepale. Tulisikia vigelegele vikitoka kwenye simu. Akacheza kidogo, kwa kiuno, kiuno kilichokuwa hakigeuki mwezi mzima. Watu wote wakapiga makofi ya mdundo. Mimi pia.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula. Binti ameuliza kama mkono unauma. Nikasema ndiyo.

Kesho nitamwambia. Au, bora zaidi, nitalirudishia boksi uzito wake kimyakimya, na yeye atagundua mwenyewe kwamba bado, bila mtu kuaibika. Mpango mzuri. Hauna mhasiriwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba niende na boksi nyumbani. Mama Mpira amekataa. Tangu leo vifaa vya mtihani havitoki.

Nikajaribu kupunguza madhara. Nilileta chupa mbili za maji kwenye mfuko wa koti, nikizitia ndani ya boksi zitaongeza kilo tatu. Nilipofunua boksi, karani akaingia. Nikanywa maji. Chupa zote mbili, mpaka mwisho, kwa sababu alikaa akinitazama. Nikasema ni ushauri wa daktari.

Nikamwendea Bwana Mgongo benchini. Alikuwa anifungie kamba. Nilianza vizuri. Nikasema, ndugu yangu, huoni umepona haraka mno? Akafikiri, akasema ameliona hilo, na anadhani ni kwa sababu ya kucheka, maana tangu nije mimi amecheka sana. Kisha akakaza fundo akanipiga begani.

Nikauteremsha mguu. Na tena, tuseme ukweli, nikimwambia yeye atamwambia Mama Mpira, na mtihani wangu ni tarehe 21. Nitamwambia tarehe 21 jioni. Wiki moja haiwezi kumdhuru mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemtahini leo. Hawakungoja. Mama Mpira alisema mtu aliyefika mara thelathini anawekwa kituoni kwa sababu gani, wakati wengine wanasubiri nafasi. Amepewa barua: mzima, arudi kazini Jumatatu, abebe kama kawaida.

Alinikumbatia. Aliinama, AKAINAMA, akanifungia kamba ya kiatu mguu ukiwa sakafuni. Akasema tangu leo mimi sina kazi, hana tena cha kuokotewa. Niliangalia utosi wake pale chini. Ana mvi mbili tatu. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Nilisema, “Asante.”

Jumanne, 18 Machi

Bwana Mgongo ameanguka.

Jana, boksi la pili. La kwanza alilibeba akiwa anacheka na wenzake. La pili alikwenda nalo haraka, alivyozoea hapa, na mgongo ukamkatika katikati ya njia. Karani ndiye katuambia. Hawezi kukaa. Miguu inasikia lakini hainyanyuki vizuri. Ghala limesema litatafuta mtu mwingine.

Mazoezi yamesimamishwa asubuhi yote. Nilimkuta Mama Mpira stoo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika ile fomu aliyoitia sahihi. Alikuwa akilia bila kujificha. Alisema hajui amekosea wapi. Amepitia kila siku, kila hesabu. Mara kumi na moja, kumi na tisa, ishirini na tano, thelathini. Alisema miaka tisa hajawahi kumrudisha mtu ambaye hajapona. Wakubwa wake wamempa barua ya onyo. Aliniambia nimwachie dakika tano, kisha tuendelee.

Boksi lilikuwa mezani nyuma yake. Angelishika kwa mkono mmoja tu angejua. Hakulishika.

Nina aibu. Naliandika neno hilo kwa herufi ndogo, za kawaida, mstari mzima: nina aibu, nina aibu, nina aibu.

Nimepata njia. Kusema siwezi, mdomo hautii. Lakini yote yamo humu daftarini. Leo wakati wa kuhesabiwa mistari nimemwachia daftari mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa tarehe 8. Nimemwambia akae nalo mpaka kesho. Hii naiandika kwenye karatasi ya pembeni, nitaibandika. Atasoma. Mtu yeyote angesoma.

Jumatano, 19 Machi

Hakusoma.

Alinirudishia limefungwa. Alisema alilikuta wazi akalifunga haraka, asije akaona jambo la ndani ya nyumba ya mtu, na mistari ameihesabu kwa kufumba jicho moja. Ahadi ni ahadi, alisema. Mungu wangu! Kati ya watu wote duniani, nimeangukia kwa mwaminifu!

Nilishusha pumzi. Kisha nikahisi kama nimewekewa mzigo upya.

Akasema kitu kimoja tu ndicho hakuweza kukosa kukiona, mwandiko. Akafungua ukurasa wa kwanza kwa mbali, akayafunika maneno kwa kiganja, akaniachia mstari mmoja. Herufi kama vijiti vilivyomwagika. Kisha mstari wa mwisho. Umenyooka. Akasema mkono wangu unarudi, tena unarudi kweli, na kwamba katika mambo yote niliyofanya hapa, hili ndilo nililolifanya kwa moyo. Akasema nikikubali kuongezewa wiki sita, nisifanye mtihani Ijumaa, anaamini nitafika. Atalipigania ombi langu hata na hiyo barua ya onyo. Baada ya Bwana Mgongo, alisema, hataki tena kumharakisha mtu.

Wiki sita! Wiki sita za kufinya mpira na kufunguliwa vifungo. Na mashine iko na Kimya. Miezi hii yote akiizoea, nani atamtoa?

Nimemwambia nitafikiri. Sikufikiri sana.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefaulu. Mara ishirini, na nilijifanya nimechoka kuanzia ya kumi na sita. Mama Mpira alinipima na kwa chombo, kilo kumi na tatu, akasita. Akauliza kwa mara ya mwisho kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Akatia sahihi polepole sana.

Hakuna aliyepiga makofi. Benchi lile lina mtu mmoja pungufu. Mtihani umekwisha, nimerudishiwa boksi, nimelileta nyumbani mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Binti kajua.

Alikuwa akilitoa boksi njiani afagie. Alilinyanyua kwa mkono mmoja, ufagio kwenye mwingine. Akasimama. Akaliweka chini, akalifungua, akachana rimu ya tatu. Mabaki yakamwagika sakafuni, meupe, membamba, yakamfunika miguu. Nilikuwa nimekaa palepale. Nilianza kueleza kwamba ni karatasi nyepesi, aina mpya, kutoka nje.

Hakunifokea. Aliuliza jambo moja. “Baba, nani mwingine amelibeba?”

Nikamwambia.

Alikaa chini kati ya yale mabaki, akayakusanya kwa viganja, yakawa yanateleza, akayakusanya tena. Alisema huyu ndiye yule anayekufungia kamba. Nikasema ndiye. Akasema kila asubuhi alikuwa akimshukuru mtu huyo moyoni, bila kumjua. Kisha akasema kesho nitakwenda kumwambia, na nisipokwenda atakwenda yeye. Hajawahi kusema nami hivyo. Uso wake ulifanana na wa mama yake.

Mama yake alikuwa akikunja vitabu upande wa pili wa ukuta, pale pale kiwandani. Mdundo wa mashine yangu ulikuwa ukimfikia. Ikinyamaza muda mrefu, alibisha ukuta kwa kifundo cha kidole, mara mbili: upo? Nami nabisha mara mbili: nipo. Miaka kumi na mbili tulisalimiana hivyo. Ameondoka duniani miaka mitano sasa, na bado nikikata naona kama anasikiliza. Ndiyo maana siitaki meza ya oda. Hilo sijamwambia msimamizi. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda.

Mkewe alinipokea vizuri, akasema mumewe hunitaja sana. Amelazwa chali kwenye godoro, sakafuni, katikati ya chumba, watoto wanamzunguka kwa tahadhari. Aliponiona akasema, “Fundi! Umefaulu?” Nikasema nimefaulu. Alifurahi. Alifurahi kweli, nilimtazama nikitafuta kijicho hata kidogo, hakuna. Akawaambia watoto, huyu ndiye yule wa mshale.

Nilikaa chini kando yake. Nikasema nina jambo. Akasema hata yeye ana jambo. Akasema mtu asimlaumu Mama Mpira, kosa ni lake. Mgongo ulikuwa umeshamwambia kitu. Jumapili ile, kabla ya kurudi kazini, alinyanyua ndoo ya maji nyumbani na ulimuuma, akajiambia ni uvivu, boksi la kilo kumi na tano analibeba mara thelathini, ndoo itamshindaje? Akaliamini boksi kuliko mgongo wake mwenyewe. Akasema amejidanganya. Alilisema akitazama dari, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, na hakuweza kugeuka ili nisiyaone.

Nilifungua mdomo. Nilisema, “Pole sana.” Nikanyanyuka niondoke.

Akaniita. Kamba ya kiatu changu ilikuwa imefunguka, na kutokea pale sakafuni viatu ndivyo vilivyokuwa usawa wa macho yake. Akaniambia nisogeze mguu karibu na kichwa chake. Nikasogeza. Akainua mikono ile ya koleo akanifungia, amelala chali, mafundo mawili ya uhakika.

Nimelia njia nzima. Watu walinipisha.

Binti aliuliza mlangoni kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia, na amenisamehe. Akanikumbatia kwa muda mrefu. Leo usiku atalala vizuri, ameteseka mno.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kazini!

Nimevaa kiatu bila kufungua kamba. Fundo la Bwana Mgongo bado liko palepale, nautelezesha tu mguu ndani. Sitalifungua. Nimejiapiza: hili limenifunza, sasa basi, hakuna tena njia za mkato. Mama Mpira amenitumia ujumbe niendelee kuandika kila siku. Nitaandika.

Kimya alikuwa ameing’arisha mashine. Msimamizi amebandika tangazo jipya: MIKONO MIWILI, VITUFE VIWILI. Nikaweka rundo la kwanza. Nikabonyeza. Kisu kikashuka nusu kikasimama. Kitufe cha kulia kinataka kushikiliwa mpaka mwisho, na kidole cha kati hakikunjiki. Mara ya pili, nusu. Mara ya tatu, nusu. Kimya alianza kutafuta kitu kwenye droo ambacho najua hakikuwemo, ili asinitazame. Akasema anaweza kunishikia kitufe hicho, hana haraka. Nikamwambia aende kula.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Hakuna aliyebisha.

Basi nimekata kipande kidogo cha selotepu. Kidogo kabisa, cha muda tu, kwa wiki sita hivi, mpaka mkono upate nguvu. Kimekaa vizuri juu ya alama ileile. Mashine ikaitika. Mdundo wake! Nimekata marundo kumi na moja kabla Kimya hajarudi, kwa mkono wa kushoto peke yake, na ule wa kulia nimeuambia utulie pembeni upumzike.

Ulitulia. Ila rundo la mwisho ukingo wake ulikuwa umepinda kidogo, nikaunyoosha. Haraka sana, kwa vidole vilivyobaki. Hakuna aliyeona.